PSD-95 na wenzake: nani anasubiri nyuma ya kipokezi cha glutameti

Mwaka 1999 maabara moja ya Toronto, Kanada, ilichukua seli za neva za gamba la ubongo zilizokuzwa kwenye sahani, ikazizuia zisitengeneze protini moja tu, PSD-95. Kisha ikazimiminia NMDA, kemikali inayofungua aina moja ya vipokezi vya glutameti, kemikali ambayo seli za neva hutumia kupelekeana ujumbe. Kwa kawaida kemikali hiyo ikizidi huua: vipokezi hubaki wazi, kalsiamu huingia kwa wingi, na baada ya saa kadhaa seli zimekufa. Safari hii nyingi zilinusurika. Mtu angedhani kalsiamu ilipungua, lakini waliipima na kukuta imeingia kiasi kile kile. Vipokezi vyenyewe vilikuwa vizima. Na kalsiamu ilipoingia kwa njia nyingine, kupitia milango inayofunguliwa na volti, kukosekana kwa PSD-95 hakukuziokoa seli.

Kijana anayesomea biolojia chuoni na kurudi likizo Lamu au Malindi huwa na mchoro mmoja daftarini: kipokezi ni kufuli, glutameti ni ufunguo, kalsiamu inaingia, halafu mshale mrefu ulioandikwa "ishara". Matatizo yangu yote ni na mshale huo. Umeficha sehemu tamu kuliko zote. Kalsiamu ni chembe yenye chaji, haina ujumbe wowote ndani yake. Ikiingia mahali ambapo kimeng'enya fulani kimesogezwa karibu na mlango, kimeng'enya hicho ndicho kitakachoamka. Kilicho mbali hakitapata habari, kwa sababu kalsiamu hunaswa na kupunguzwa kabla haijafika mbali. Kazi ya kukisogeza kimeng'enya pale hufanywa na protini za kiunzi, na PSD-95 ni mojawapo.

Tuanzie mahali penyewe. Kati ya seli inayotoa glutameti na ile inayoipokea pana mwanya wa takriban nanomita 20. Maungio hayo ndiyo sinapsi. Upande wa kupokea, chini ya utando wa seli, darubini ya elektroni huonyesha doa jeusi lenye unene wa nanomita 30 hadi 50 na upana wa nanomita mia mbili, tatu, hata zaidi kwa sinapsi kubwa. Wataalamu huliita PSD. Hapa tutaliita bamba la sinapsi. Kadirio la mwaka 2005 liliweka molekuli za PSD-95 katika bamba moja la wastani kuwa kama 300. Vipokezi vya NMDA katika bamba kama hilo ni karibu 20 tu. Uwiano huo usipite bila kuutazama: vishikio ni vingi mara kumi na zaidi kuliko vipokezi hivyo, kwa hiyo PSD-95 haikuwekwa pale kwa ajili ya kushika NMDA peke yake.

PSD-95 ilitangazwa mwaka 1992 na maabara ya Mary Kennedy huko California. Namba ni uzito wake kwenye jeli, kilodaltoni 95. Ni mnyororo wa asidi amino 724, na ukiufuata tangu mwanzo unakuta vipande vitano vilivyojikunja kila kimoja peke yake: PDZ tatu, kisha SH3, kisha GK. Hicho cha mwisho kina sura ya kimeng'enya lakini hakifanyi kazi ya kimeng'enya. Kimegeuzwa kuwa kishikio tu. Mwanzoni kabisa mwa mnyororo, asidi amino ya 3 na ya 5 ni sisteini, na zote mbili hubandikwa palmiteti, yaani mkia wa mafuta. Mafuta hayo huzama kwenye utando na kuifunga protini nzima hapo. Yakiondolewa, PSD-95 hubanduka na vipokezi huanza kutawanyika. Kwa hiyo anayesoma PSD-95 akaishia kwenye PDZ, akaziacha sisteini hizo mbili, amesoma tanga akasahau nanga.

PDZ inastahili kutazamwa kwa karibu. Ni kipande cha asidi amino kama 90 chenye mfereji mmoja mwembamba ubavuni. Mfereji huo hupokea mkia wa protini nyingine, tena asidi amino chache za mwisho kabisa. Mwaka 1995 kundi la Heidelberg, Ujerumani, lilionyesha kwamba mkia wa kipokezi cha NMDA huingia humo. Kipokezi cha NMDA kina sehemu nne, kwa kawaida mbili za GluN1 na mbili za GluN2. Mkia wa GluN2B, aina moja ya GluN2, ulio ndani ya seli ni mrefu, una asidi amino zaidi ya 600, lakini zinazoshikwa na PDZ ni zile nne za mwisho: glutameti, serini, aspateti, valini. Kwa herufi za maabara ni ESDV. Valini huzama kwenye shimo lenye mafuta mwisho wa mfereji. Serini, ya tatu ukihesabu kutoka mwisho, hushikana na ukuta wa mfereji. Sasa serini hiyo hiyo, namba 1480, ikibandikwa fosfeti, haiingii tena, na kipokezi kinaachiliwa. Fosfeti moja tu inatosha kubadilisha makazi ya kipokezi kizima.

Jambo linalowachanganya wengi ni kwamba kushikana huku ni kwa udhaifu. Mkia na PDZ hushikana kwa nguvu ya mikromola chache hivi, kiwango ambacho molekuli mbili zikikutana peke yake huachana upesi sana. Bamba linasimamaje basi? Watu wa Lamu wana jibu ambalo wahenga wao walilisafiria. Mtepe haukuwa na msumari hata mmoja. Mbao zilitobolewa tundu moja baada ya jingine, zikashonwa kwa kamba ya makumbi, na kila mshono ukiupima peke yake ni kamba ya nazi tu, kisu kinaikata. Lakini mishono ilikuwa mamia, na chombo kilibeba shehena, kikapinda na wimbi pasipo kupasuka. Bamba la sinapsi limeshonwa vivyo hivyo. PSD-95 moja ina PDZ tatu. Kipokezi kimoja cha NMDA kina mikia miwili ya GluN2. SynGAP, tutakayoifikia sasa hivi, hujisuka tatu tatu na hivyo huleta mikia mitatu kwa mpigo. Mwaka 2016 ilionyeshwa kwamba PSD-95 na SynGAP zikichanganywa kwenye mrija wa maji hujikusanya zenyewe na kuwa matone mazito, bila utando wowote wa kuyazingira. Mishono dhaifu mingi huleta kitu kigumu ambacho bado kinaweza kufumuliwa, na bamba la sinapsi linahitaji kufumuliwa kila siku. Kingekuwa cha misumari, tusingejifunza kitu kipya.

Nani basi wamesimama nyuma ya kipokezi cha NMDA?

Wa kwanza ni nNOS, kimeng'enya kinachotengeneza nitriki oksidi. Kina PDZ yake mwenyewe, na hiyo hushikana na PDZ ya pili ya PSD-95, PDZ kwa PDZ. Huamshwa na kalsiamu ikisaidiwa na kalmodulini, protini inayoshika kalsiamu. Kalsiamu ikiingia kwa kiasi, nitriki oksidi ni ujumbe wa kawaida. Ikifurika, nitriki oksidi hukutana na oksijeni kali iitwayo supaoksidi na kuzaa peroksinitriti, inayounguza protini, mafuta na DNA. Hapa ndipo jaribio la Toronto linapoeleweka. Seli zisizo na PSD-95 zilikuwa na nNOS, zilikuwa na kalsiamu, ila viwili hivyo havikuwa jirani.

Wa pili ni SynGAP, iliyoelezwa mwaka 1998, miongoni mwa protini zilizo nyingi sana katika bamba. Kazi yake ni kuizima Ras, swichi inayoanzisha njia ya ishara iitwayo ERK na kukuza kinundu cha dendraiti, yaani kile kinundu kwenye tawi la seli kinachobeba sinapsi. Wakati wa utulivu SynGAP inakalia PDZ na kuikandamiza Ras pale pale. Kalsiamu ikiingia kwa nguvu, kimeng'enya kiitwacho CaMKII huibandika SynGAP fosfeti, nayo huachia na kutoka kwenye kinundu. Mambo mawili hutokea kwa pamoja: Ras inapumua, na nafasi za PDZ zinabaki wazi kwa wengine. Watoto waliozaliwa na nakala moja mbovu ya jeni ya SYNGAP1 hupata ulemavu wa akili na mara nyingi kifafa. Nusu ya kiasi cha kawaida haitoshi, na ukikumbuka hesabu ya vishikio na vishikwa utaona kwa nini.

CaMKII yenyewe ni gurudumu la vipande 12. Kalsiamu na kalmodulini zikikiamsha kipande kimoja, hicho humbandika jirani yake fosfeti kwenye threonini 286, na jirani hubaki macho hata kalsiamu ikishaondoka. Kisha gurudumu hujishika moja kwa moja kwenye mkia wa GluN2B, karibu na serini 1303, mbali na ESDV. Kwa hiyo kipokezi cha NMDA kina vishikio viwili tofauti mkiani, kimoja cha kiunzi na kimoja cha kimeng'enya. Anayekata mkia wote wa GluN2B katika jaribio lake kisha akasema ameondoa PSD-95 peke yake, amejidanganya.

Kwa AMPA, aina nyingine ya vipokezi vya glutameti, habari ni nyingine, maana vipokezi vya AMPA havishikani na PSD-95 moja kwa moja. Huenda na mwenzi aitwaye stagazini, na mkia wa mwenzi huyo, TTPV, ndio unaoingia kwenye PDZ. Hilo liliwekwa wazi mwaka 2000. Sehemu ya stagazini iliyo ndani ya seli imejaa chaji chanya na hulala kwenye utando. CaMKII ikiibandika fosfeti, chaji hupungua, mkia hunyanyuka na kuifikia PSD-95. Ndiyo njia moja ambayo msisimko wa NMDA huongeza vipokezi vya AMPA mahali pale pale. Upande wa kuvipunguza, protini iitwayo AKAP79 hujishikiza kwenye PSD-95 ikiwa imebeba kinasi ya PKA pamoja na kalsinyurini: mmoja hubandika fosfeti, mwingine huibandua, wote wawili mkononi mwa kiunzi kimoja.

Kisha kuna vipokezi vya glutameti visivyo na tundu, vya mGluR. mGluR1 na mGluR5 huamsha kimeng'enya kinachotengeneza IP3, molekuli ndogo ya ujumbe, nayo hufungua ghala la kalsiamu ndani ya seli. Hapa msimamizi ni protini ya kiunzi iitwayo Homer. Kichwa chake hutambua mfuatano mfupi: prolini mbili, asidi amino mbili zozote, kisha fenilalanini. Mfuatano huo uko kwenye mGluR5, uko kwenye kipokezi cha IP3 cha ghala, na uko kwenye Shank, protini nyingine ya kiunzi. Homer ndefu hujisuka nne nne kwa mikia yake, ikabaki na vichwa vinne vya kushikia. Kwa hiyo humweka mGluR5 wa juu karibu na ghala la chini. Shank nayo hushika protini ya GKAP, GKAP hushika kipande cha GK cha PSD-95, na hivyo ulimwengu wa NMDA na ulimwengu wa mGluR hufungwa pamoja. Ukipoteza kipande cha kromosomu ya 22 kilichobeba SHANK3, kiungo hicho cha chini hulegea. Hali hiyo huitwa sindromu ya Phelan-McDermid, yenye kuchelewa kusema na mara nyingi usonji.

Lililo zuri zaidi kwa Homer ni toleo lake fupi, Homer1a. Lina kichwa lakini halina mkia wa kujisukia. Seli ikishughulika sana, jeni hiyo huwashwa haraka, Homer1a hujaa, inakalia vishikio vya Homer ndefu, na daraja linakatika. Seli inafumua mishono yake yenyewe kwa makusudi.

Sasa kwa wale watakaokaa kwenye benchi la maabara. Makosa ya kazi hii yanajulikana, na mengi yanatokana na hayo niliyoyaeleza juu.

Alama ya kung'aa ya GFP usiibandike mwisho wa GluN2B. PDZ inatafuta ncha iliyo wazi. Ukiongeza hata asidi amino moja baada ya valini ya mwisho, mfereji hauipokei, nawe utaandika kwamba kipokezi hakishikani na PSD-95. Kwa PSD-95 ni kinyume chake: usiibandike mwanzoni, utaziba sisteini 3 na 5 na protini itaelea kwenye saitoplazimu. Kipokezi kiwekewe alama mwanzoni, baada ya kipande cha kuongozea. PSD-95 iwekewe mwishoni.

Ukiingiza GluN1 na GluN2 kwenye seli za HEK293, weka AP5, kizuizi cha vipokezi vya NMDA, kwenye maji ya kukuzia, mikromola 100 hadi 200, tangu siku ya kuingiza plasmidi. Maji hayo yana glutameti na glisini ya kutosha kuviacha vipokezi wazi, na bila kizuizi utakuta asubuhi seli zimeelea zimekufa.

Kutenga bamba kutoka ubongo wa panya kunahitaji mwendo wa haraka. Mnyama akishakufa kalsiamu hupanda ndani ya seli, kalpaini, kimeng'enya kinachokata protini, huamka na kuanza kukata mikia ya GluN2, na CaMKII hukimbilia kwenye bamba. Ukichelewa dakika chache utapima CaMKII nyingi isiyo ya kweli. Ubongo uingie kwenye barafu ndani ya dakika moja au mbili. Kwa joto la pwani yetu mwezi wa Machi, ndoo moja ya barafu haitoshi, andaa mbili na uzibe kifuniko. Saga kwenye sukrosi ya mola 0.32 yenye HEPES milimola 4, pH 7.4. Zungusha kwa g 1,000 dakika 10, tupa viini vilivyotuama, chukua maji ya juu, zungusha tena kwa g 10,000 dakika 15. Matope hayo yamiminie juu ya ngazi ya sukrosi ya mola 0.85, 1.0 na 1.2, zungusha kwa g 82,500 saa mbili. Sinapsi zitakaa kati ya 1.0 na 1.2. Hizo ndizo unazoosha kwa sabuni ya Triton X-100 asilimia 0.5 kwa dakika 15 kwenye barafu, kisha g 32,000 dakika 20. Kilichotuama ni bamba.

Hapo hapo pana mtego. Kama Triton haikuliyeyusha bamba, basi Triton haifai kwa kuvuta PSD-95 pamoja na wenzake kwa kingamwili. Anayeyeyusha kwa Triton huvuta sehemu ndogo iliyo nje ya sinapsi na kuripoti hiyo. Tumia sabuni kali zaidi, diosikoleti ya sodiamu asilimia 1 katika Trisi milimola 50, pH 9.0, nyuzijoto 37 kwa nusu saa, kisha punguza ukali kwa Triton asilimia 0.1 kabla ya kuweka kingamwili. pH ikishuka chini ya 8, diosikoleti huganda kama uji na jaribio limekwisha. Upande wa pili, sabuni ya SDS huyeyusha kila kitu lakini hufumua mishono yote, kwa hiyo itakuambia nani yumo na haitakuambia nani kamshika nani.

Nirudi kwa nNOS, kwa sababu elimu hii imefika hadi kitandani mwa mgonjwa wa kiharusi. Mshipa wa ubongo ukiziba, glutameti humwagika na vipokezi vya NMDA hufunguka kupita kiasi. Wazo la kwanza lilikuwa kuziba mlango. Baharini kwetu yumo konokono Conus geographus, mwenye ganda la michoro ya kupendeza, ambaye sumu yake ina peptidi ya asidi amino 17 inayofunga NMDA yenye GluN2B; panya wachanga wakidungwa peptidi hiyo huwa kama waliolala. (Watoto wanaookota maganda Malindi waambiwe waziwazi: konokono huyo akiwa hai haguswi, sumu yake imeua watu.) Dawa za kuziba mlango zilijaribiwa kwa wagonjwa miaka ya 1990 zikashindwa, kwa kuwa mlango huo huo ndio unaotumika kufikiri na kukumbuka, na wagonjwa waliona maruweruwe.

Wazo la pili likawa kuuacha mlango na kumtenga nNOS. Mwaka 2002 kundi lile la Toronto lilitengeneza peptidi ya asidi amino 20: tisa za mwisho za GluN2B, KLSSIESDV, zikitanguliwa na 11 za protini ya Tat ya virusi vya UKIMWI, ambazo hupenya utando wa seli. Peptidi inakalia PDZ, mshono unafumuka, kalsiamu inaingia kama kawaida na nNOS haiko jirani. Kwa panya ilipunguza uharibifu hata ilipotolewa saa moja baada ya mshipa kuziba. Ikaitwa nerinetaidi. Mwaka 2020 matokeo ya wagonjwa 1,105 waliozibuliwa mshipa kwa waya yalitolewa, dozi moja ya miligramu 2.6 kwa kilo. Kwa jumla tofauti haikuonekana: asilimia 61.4 walipona vizuri kwa dawa na 59.2 kwa maji yasiyo na dawa. Lakini kwa wale ambao hawakupewa alteplase, dawa ya kuyeyusha damu iliyoganda, ilikuwa 59.3 dhidi ya 49.8.

Sababu inayotolewa ni ya kikemia na inaingia akilini. Alteplase huamsha plasmini, na plasmini hukata protini baada ya lisini na arginini. Itazame Tat, ambapo K ni lisini na R ni arginini: YGRKKRRQRRR. Karibu yote ni lisini na arginini. Dawa ilikuwa inakatwakatwa kwenye damu kabla haijafika ubongoni. Hata hivyo jaribio lililofuata, la wagonjwa wasiopewa alteplase, halikuonyesha faida, na hilo lazima lisemwe kwa sauti ile ile tuliyosemea habari njema. Kwa mgonjwa anayeletwa kwa mashua kutoka Faza au Kizingitini leo, kinachohesabika bado ni saa: alteplase hutolewa ndani ya saa nne na nusu tangu dalili kuanza, tena baada ya picha ya kichwa.

Kazi ya kemia inaendelea. Mwaka 2021 ilitangazwa peptidi ambayo kipande cha Tat kimejengwa kwa asidi amino za umbo la D, taswira ya kioo ya zile za kawaida, ambazo plasmini haiwezi kuzikata, na kwa panya iliweza kutolewa pamoja na alteplase. Zile tisa za mwisho zimeachwa katika umbo la L, ili PDZ iendelee kuutambua mkia wake.